Jinsi ya kufuatilia njia na historia ya barabara fupi ya jimbo huko vijijini Marekani

Barabara ya jimbo yenye maili tano, inayochepuka kutoka barabara kuu na kuishia kwenye kijiji kidogo, huonekana haina la kusema. Kumbe ina historia tatu zilizolaliana: ya sheria iliyoipa namba, ya mstari wake juu ya ardhi, na ya lami au zege inayokanyagwa. Makosa mengi katika maelezo ya barabara hizi hutokana na kuchukua mwaka wa historia moja na kuubandika kwenye nyingine. Basi chora safu tatu kwenye daftari, na kila tarehe iingie safu yake.

Anza na njia. Maili kwa kawaida huhesabiwa kutoka kusini kwenda kaskazini, au magharibi kwenda mashariki. Nawe ieleze barabara kwa mwelekeo huohuo. Tafuta orodha rasmi ya idara ya usafirishaji ya jimbo, inayotaja makutano na madaraja pamoja na umbali wa kila kimoja. Mita ya gari usiitegemee, maana tairi zilizolika hukuongezea maili.

Hata vibao vya maili vina hila. Barabara ikinyooshwa, vibao vya mbele havihamishwi, hivyo namba huruka. Ndiyo maana orodha ya jimbo la Washington ina hesabu mbili: ya vibao, na ya umbali halisi. Urefu wa barabara chukua kwenye ya pili. California huanza hesabu upya kila mpaka wa kaunti, na herufi R mbele ya namba huashiria kipande kilichohamishwa. Ukiiona herufi hiyo, umepata mahali pa kutafuta barabara ya zamani.

Kwenye sheria, tafuta kwa majina ya mahali, si kwa namba. Huko California, hadi mabadiliko ya 1964, namba ya kwenye sheria na ya kwenye kibao zilikuwa mbili tofauti. Washington, chini ya mfumo wa 1937, barabara za daraja la pili zilibeba namba ya barabara mama na herufi, kama 1A. Vibao vipya vilikuja 1964, na sheria ikavifuata 1970. Anayetafuta namba ya leo kwenye sheria za 1937 atatoka mikono mitupu, au mbaya zaidi, atapata barabara nyingine kabisa.

Na sheria haimwagi kokoto. Bunge la Washington lilitenga fedha za barabara ya kuvuka milima ya North Cascades mwaka 1893. Magari yalifunguliwa njia 1972. Hiyo si barabara fupi, lakini inaonyesha pengo linavyoweza kuwa kubwa.

Mstari wa ardhini unasomwa kwenye ramani za USGS, idara ya serikali kuu ya Marekani inayopima na kuchora ramani za nchi, ambazo matoleo yake ya zamani hupakuliwa bure. Pakua zote za eneo lako, kisha zipange kwa miaka. Zile za 1:24,000, ambapo inchi moja ni futi 2,000, zinaonyesha hata kona ndogo. Soma maandishi ya pembeni kabla ya kushika mwaka wowote: mwaka wa upimaji, wa picha za angani na wa uchapishaji mara nyingi ni mitatu tofauti. Kipande cha barabara kilichochorwa kwa zambarau kimeongezwa baadaye kutokana na picha za angani, bila kwenda kukagua ardhini.

Ikiwa ramani ya 1936 haina barabara na ya 1938 inayo, usiandike "ilijengwa 1938". Andika kwamba ilionekana kati ya miaka hiyo miwili, kisha upekue magazeti ya kaunti ya kipindi hicho utafute tangazo la zabuni. Tangazo la zabuni ni dhahabu: hutaja mahali pa kuanzia, urefu na aina ya kazi. Ila ni ahadi ya kazi, si uthibitisho kwamba imekamilika.

Madaraja nayo husema. Orodha ya kitaifa ya madaraja, iliyozaliwa baada ya Silver Bridge kuanguka mtoni Ohio tarehe 15 Desemba 1967 na kuua watu 46, ina mwaka wa kujengwa na wa kukarabatiwa. Ukikuta 1900 kamili, shuku kwamba mtu alikisia. Daraja la chuma pia linaweza kuwa lilibomolewa vipande kwingine na kuletwa hapo, likawa na umri mkubwa kuliko barabara yenyewe.

Sasa nenda ukaione. Pale barabara inapopinda lakini nguzo za umeme zinakwenda moja kwa moja, fuata nguzo kwa macho: huenda barabara ya zamani ilipita huko. Tafuta tuta lililoota majani, kalavati isiyo na barabara juu yake, au kibarabara kiitwacho Old Highway, yaani barabara kuu ya zamani. Ukikuta uzio, ishia hapo. Ardhi hiyo aghalabu ni ya mtu.

Kona za pembe mraba katikati ya mashamba zisikushangaze. Katika majimbo yaliyopimwa kwa mfumo ulioanza 1785, ardhi iligawanywa viwanja vya mraba vya maili moja kila upande, ekari 640 kila kimoja, na barabara zikafuata mipaka yake. Kwa kuwa dunia ni mviringo, mistari ya kaskazini-kusini hukaribiana, na wapimaji waliisahihisha kila maili 24 hivi. Ndiyo sababu barabara iliyonyooka huweza kuruka upande ghafla, kisha ikaendelea kama kawaida. Kona ya namna hiyo ni kazi ya wapimaji; usiitafutie kilima wala mto. Mwenye kutaka kuifikia tarehe yake aende ofisi ya kaunti akaombe kuona barua za wakulima wa karne ya 19 za kuomba barabara, pamoja na ripoti za waliotumwa kuikagua njia.