Kabla ya kumtoa getini: mbwa mwoga na safari ya kwa daktari wa mifugo

Mbwa wengi wa Dar es Salaam ni walinzi. Mchana wamefungiwa bandani, usiku wanafunguliwa, na wengine wanazeeka bila kuujua mtaa ulio nje ya geti lao. Mbwa wa namna hii ukimfunga kamba ghafla, ukampakia kwenye gari na kumshusha mahali panaponuka dawa na mbwa wageni, lazima achanganyikiwe. Ndiyo maana maandalizi ya kweli hufanyika nyumbani, wiki mbili tatu kabla.

Anza na mkanda wa shingo. Mvishe wakati wa kula, auzoee, kisha ongeza kamba, mtembeze uani, halafu nje kidogo wakati mtaa umetulia. Mkanda ubane kiasi cha kupitisha vidole viwili tu, kwa sababu mbwa aliyeogopa hurudi kinyumenyume na kuchomoa kichwa, na akichomokea Barabara ya Morogoro kumpata tena ni kazi. Mzoeze pia kushikwa masikio, miguu na midomo, maana huko ndiko daktari atakakoshika. Kila ukimgusa, mpe dagaa au kipande cha ini la kuchemsha. Akilamba midomo wakati hakuna chakula, akipiga miayo bila usingizi, akificha mkia katikati ya miguu au akigeuza uso huku weupe wa jicho ukionekana, amekwambia imetosha. Acha, mtaendelea kesho. Na tafadhali usimchape kwa sababu amenguruma: mbwa anayechapwa kwa kunguruma hujifunza kuuma bila kutoa onyo.

Kifunga mdomo nacho akizoee mapema. Tafuta cha mfano wa kikapu, kinachomwezesha kufungua mdomo ndani yake. Mbwa hapozi mwili kwa jasho kama sisi, bali kwa kuhema, na joto la Dar la Januari na Februari mnalijua. Ukimfunga mdomo kwa kitambaa kuanzia nyumbani, mkakwama kwenye foleni, anaweza kufa kwa joto. Kitambaa ni cha dakika chache za sindano tu, na asifungwe kabisa mbwa anayetapika au anayehema kwa shida.

Nani ampeleke? Yule anayemlisha. Katika nyumba nyingi huyo ni dada wa kazi au mlinzi, lakini siku ya kliniki anaachwa nyumbani, mbwa anashikwa na mwenye gari ambaye humwona kupitia dirishani. Anayemlisha ndiye anayeweza kumtuliza, tena ndiye anayejua amekula nini, choo chake kikoje na kupe walianza lini.

Daladala sahau. Ukitumia bajaji au teksi, mweleze dereva kwenye simu kabla hajaja kwamba atabeba mbwa. Kwa Waislamu wengi mate ya mbwa ni najisi, na akikataa usimlaumu. Akikubali, tandika turubai au shuka kuukuu. Kwenye kirikuu, yaani kigari cha mizigo chenye nyuma wazi, mtu akae nyuma naye. Mbwa aliyefungwa shingoni akaachwa peke yake akiruka ubavuni ananyongwa.

Kliniki piga simu siku kadhaa kabla. Sema wazi kwamba ni mwoga, na kama amewahi kuuma usifiche. Omba saa isiyo na msongamano, na ruhusa ya kusubiri nje kivulini mpaka muitwe. Uliza pia kama daktari anaweza kuja nyumbani. Wapo wanaofanya hivyo, na kwa chanjo ya kawaida mimi ningechagua hilo. Kama hofu ni kubwa mno, daktari anaweza kuagiza dawa ya kutuliza anywe kabla ya kutoka. Usijipangie mwenyewe kwa vidonge vya binadamu: diklofenaki na ibuprofeni huweza kumtia vidonda vya tumbo na kuharibu figo zake.

Beba kadi ya chanjo, maji na bakuli lake, na kama tumbo linamsumbua, kinyesi cha asubuhi kwenye kikopo chenye mfuniko. Usimshibishe kabla ya safari.

Jambo moja si la kuchukulia kama woga. Mbwa aliyebadilika ghafla, anatokwa na mate mengi, anashindwa kumeza, sauti imebadilika, anauma hata vitu, huenda ana kichaa cha mbwa: asipakiwe kwenye chombo chochote. Mfungie, watoto wakae mbali, mwite daktari wa mifugo. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, aende hospitali siku hiyohiyo, kwani dalili za kichaa cha mbwa zikishajitokeza kwa mtu, kupona ni nadra mno.

Mkirudi, kama una mbwa wengine, mtenge kwa saa chache. Atakuwa na harufu ya kliniki, na wenzake wanaweza kumvamia kama mgeni.