Namna ya Kufuatilia Asili ya "bless", Neno la Kale la Kiingereza la Kubariki

Anayetaka kujua neno hili lilikotoka asianze na maana yake ya leo, kwa sababu maana huhama ovyo ilhali sauti hubadilika kwa utaratibu. Aanze na umbo kongwe kabisa lililoandikwa. Katika kamusi ya Kiingereza cha Kale ya Bosworth na Toller, inayosomeka bure mtandaoni, atakuta "bletsian" kwa kubariki na "bletsung" kwa baraka yenyewe. Asiridhike hapo, bali atazame pia maumbo ya lahaja, hasa ile ya Northumbria, ufalme wa kale wa kaskazini mwa Uingereza.

Lahaja hiyo inaonekana vizuri katika Injili za Lindisfarne, zilizohifadhiwa British Library, London. Matini yake ya Kilatini iliandikwa karibu na mwaka 700, na katika karne ya 10 kasisi aitwaye Aldred aliingiza tafsiri ya Kiingereza kati ya mistari kwa herufi ndogo, neno juu ya neno. Penye Kilatini cha kubariki aliandika maumbo yenye shina "bloeds-", na hizo herufi "oe" ndizo ufunguo wa kazi yote.

Shina hilo lilinganishwe na "blod", yaani damu. Irabu o iligeuka ikawa "oe" kwa kuvutwa na i ya silabi iliyofuata, kisha i yenyewe ikatoweka. Msomaji anaweza kulihakiki jambo hili katika Kiingereza cha leo, ambamo "blood" ni damu na "bleed" ni kutoka damu, kama "food" ilivyo chakula na "feed" kulisha. Baadaye d iliyokutana na s ikawa t, na t nayo ikamezwa. Kwa njia hiyo wanaisimu wameunda upya kitenzi cha kale zaidi chenye maana ya kutia alama ya damu, nao hukiwekea kinyota mbele kwa kuwa hakuna andiko linalokionyesha. Wengi hukihusisha na damu ya sadaka za kabla ya Ukristo. Dhana hiyo ina nguvu, lakini anayeinukuu aiite dhana.

Kisha zitazamwe lugha za jirani. Kijerumani husema "segnen", kutoka Kilatini "signare", kutia alama, na neno la damu halikutumika huko kwa kubariki. Wamisionari wa Roma walipofika Kent, kusini-mashariki mwa Uingereza, mwaka 597, Kiingereza kikahitaji neno la kufasiri "benedicere", ambalo kwa asili ni kunena mema, na kazi hiyo ikaangukia kitenzi hiki. Maana ya kunena mema, basi, ni ya kuazima.

Kufanana kwa sauti kusimhadae mtafiti. "Bliss", furaha kuu, ilikuja kuathiri maana ya "bless", lakini imetokana na "blithe", mchangamfu. Wala b ya "baraka" yetu, iliyotoka Kiarabu, haina undugu na b hiyo.

"Benison" nayo, yaani baraka, ambayo Shakespeare aliitia kinywani mwa mzee katika tamthilia ya Macbeth, isichanganywe humu: ilipitia Kifaransa cha Kale kutoka "benedictio" ya Kilatini, kwa hiyo ifuatiliwe kwa kamusi za Kifaransa. Neno lililo kinyume chake kimaana, "malison", yaani laana, ilipita njia hiyo hiyo.