Kutumia omeprazoli kutibu kidonda cha duodeni

Kidonda cha duodeni, yaani kile kinachotokea mwanzoni mwa utumbo mwembamba, hupona vizuri kwa omeprazoli ikimezwa kwa wakati wake. Dozi ya kawaida ya mtu mzima ni miligramu 20 mara moja kwa siku, kwa wiki 4.

Meza kapsuli asubuhi kabla hujala kitu, kisha kaa nusu saa hadi saa moja ndipo ule. Dawa hii huziba pampu za asidi, yaani vijisehemu vya ukuta wa tumbo vinavyotoa asidi, zikiwa kazini, na chakula ndicho kinachoziamsha. Anayemeza akishashiba, au anayengoja mpaka tumbo limkate, hupoteza sehemu kubwa ya nguvu ya dawa. Usiitafune wala kuiponda: chembe zilizomo zina ganda la kuzikinga na asidi, na ganda likivunjika dawa huharibikia tumboni kabla ya kufika utumboni inakofyonzwa.

Maumivu huweza kutulia baada ya siku chache tu, na hapo ndipo wengi huacha dawa. Kidonda bado ni kibichi.

Hata wiki 4 kamili hazitoshi ikiwa bakteria H. pylori, anayeishi tumboni na kusababisha vidonda, yumo: kidonda kitafunga, kisha kitarudi. Pima kwa pumzi au choo kabla ya kuanza dawa. Aliyekwisha kuanza omeprazoli aiache wiki 2 kwanza, la sivyo majibu yanaweza kusema hayupo naye yupo. Akionekana, daktari huongeza antibiotiki. Mpango mmojawapo wa siku 14 ni omeprazoli miligramu 20, amoksisilini gramu 1 na klarithromaisini miligramu 500, zote asubuhi na jioni. Mwenye mzio wa penisilini aseme mapema, maana amoksisilini ni ya jamii hiyo. Rudia kipimo wiki 4 au zaidi baada ya kumaliza, ila si cha damu: hicho huweza kubaki chanya hata bakteria akishakufa.

Diklofenaki na aibuprofeni ziache. Kwa maumivu tumia parasetamoli. Aspirini uliyoandikiwa kwa ajili ya moyo usiiache bila daktari. Anayetumia klopidogreli, dawa ya kuzuia damu kuganda, aombe pantoprazoli badala ya omeprazoli, kwani omeprazoli huipunguzia klopidogreli nguvu.

Choo cheusi cha kunata kama lami, matapishi yenye damu au yanayofanana na machicha ya kahawa, au maumivu makali ya ghafla na tumbo kukakamaa: nenda hospitali saa hiyo hiyo. Vidonge vya madini ya chuma navyo huweusisha choo, kwa hiyo mwambie daktari kama unavimeza.