Somo: Kuandaa angiotensini II na kuipima kwenye pete za aota ya panya

Angiotensini II ni peptidi fupi yenye asidi amino 8 tu: aspatiki, ajinini, valini, tairosini, isolusini, histidini, prolini na fenilalanini. Uzito wake wa molekuli ni 1046.2. Mpangilio huo ni uleule kwa binadamu na kwa panya wa maabara, wakubwa kwa wadogo, kwa hiyo chupa moja inawatosha wote. Mwilini, figo hutoa renini, renini huikata angiotensinojeni inayotoka kwenye ini na kupata angiotensini I yenye asidi amino 10, kisha kimeng'enya ACE huondoa mbili za mwisho. Kinachobaki hukaza mishipa ya damu kupitia kipokezi AT1, na hufanya hivyo kwa nM (nanomola kwa lita) chache tu.

Homoni ya nguvu hiyo haitaki hesabu ya kukisia. Matokeo mengi mabovu husingiziwa mshipa (hapa, pete zilizokatwa kwenye aota, ateri kuu itokayo moyoni), kumbe kosa lilianzia kwenye mizani, kwenye kuta za kichupa, au kwenye dozi ya pili iliyotiwa mapema.

Hatua ya 1: Soma cheti cha uchambuzi kabla ya kufungua chupa

Kwenye cheti kuna namba mbili zinazochanganywa kila siku. Ya kwanza ni usafi, kwa mfano asilimia 95 au zaidi: hiyo inasema ni sehemu gani ya peptidi iliyomo ni angiotensini II hasa. Ya pili ni kiasi halisi cha peptidi, nayo ndiyo inayosema ni sehemu gani ya unga ni peptidi na ni sehemu gani ni maji na chumvi ya asetati au trifluoroasetati. Hii ya pili mara nyingi huwa kati ya asilimia 70 na 90, na ndiyo inayoingia kwenye hesabu.

Chukua chupa ya mg 1 yenye peptidi halisi asilimia 80. Una mg 0.80, yaani mikromola 0.765. Ili upate myeyusho mama (ule mzito wa kuzimuliwa baadaye) wa mM 1 (milimola kwa lita), tia mikrolita 765 za maji. Asiyeangalia cheti atatia mikrolita 956, atapata mM 0.80, na mchoro wake wote wa dozi utasogea bila yeye kujua. Ukipokea chupa ya toleo jipya, rudia hesabu upya. Asilimia hubadilika toleo kwa toleo.

Hatua ya 2: Kuyeyusha na kugawa

Unga hutunzwa kwenye nyuzi −20, pakavu. Ukiitoa chupa kwenye friza, iache imefungwa ndani ya chombo chenye silika jeli hadi ifikie joto la chumba. Ukiifungua ikiwa baridi, unyevu wa hewa hugandia kwenye unga, na uzani wako haufai tena. Vaa glavu na usipeperushe unga.

Usipime mg 1 kwenye mizani ya kawaida. Zungusha chupa kwenye sentrifuji kwa muda mfupi ili unga ushuke, kisha tia maji safi yaliyochujwa moja kwa moja ndani ya chupa hiyohiyo. Unga huyeyuka upesi. Geuzageuza polepole, usitikise hadi utoe povu.

Hakiki kabla ya kugawa. Angiotensini II ina tairosini moja na haina triptofani, kwa hiyo hunyonya mwanga wa nm 275 kwa kiasi cha karibu 1,400 kwa kila molari kwa sentimita. Sehemu moja ya myeyusho mama kwa sehemu tatu za maji ni mM 0.25, kwenye kyuveti ya kwatsi ya sm 1 isomeke karibu 0.35. Ukisoma 0.28, rudi kwenye cheti. Kipimo hiki huchukua dakika chache na kwa maoni yangu hakuna maabara inayopaswa kukiruka.

Gawa mikrolita 20 kwa kila kichupa cha plastiki kisichoshika protini, andika tarehe na toleo, weka kwenye −20 au −80. Kichupa kikishayeyuka kinatumika siku hiyo na mabaki yanamwagwa. Kugandisha na kuyeyusha mara kwa mara ndiko kunakoua peptidi.

Hatua ya 3: Mfululizo wa miyeyusho

Zimua kwa salini ya asilimia 0.9 iliyotiwa albumini ya ng'ombe asilimia 0.1. Albumini si pambo. Kwenye nM chache, molekuli zinazong'ang'ania kuta za kichupa na ncha ya pipeti ni sehemu kubwa ya zote ulizonazo, na albumini huzikalia kuta hizo kwanza.

Mikrolita 10 za mM 1 kwenye mikrolita 90 zinatoa µM 100 (mikromola kwa lita). Endelea hivyo kwa kumi kumi, ukibadilisha ncha kila hatua. Kwa bafu la tishu (chombo cha maji ya chumvi ambamo pete hutundikwa) la mL 10, mikrolita 10 za myeyusho wowote huzimuka mara 1,000: za µM 100 hutoa nM 100, za µM 1 hutoa nM 1. Weka vyote kwenye barafu.

Hatua ya 4: Krebs, maji ya chumvi na glukosi ya kuiweka tishu hai

Kwa lita moja: NaCl g 6.90, KCl g 0.35, MgSO₄ yenye maji saba g 0.30, KH₂PO₄ g 0.16, NaHCO₃ g 2.10, glukosi g 1.98. Pitisha hewa ya oksijeni asilimia 95 na kabonidioksidi asilimia 5 kwa dakika 15 hadi 20, ndipo utie CaCl₂ yenye maji mawili g 0.37. Kalsiamu ikitangulia kabla ya gesi, Krebs huwa na ukungu mweupe: kalsiamu imeshaganda na kabonati, na mshipa hautakuwa na ya kukazia. Imwage, anza upya. pH iwe 7.4 kwenye nyuzi 37.

Hatua ya 5: Pete

Kibali cha kamati ya maadili ya wanyama kiwe kimepatikana. Toa aota ya kifua ya panya mkubwa wa g 250 hadi 300, iweke kwenye Krebs baridi, safisha mafuta kwa mkasi mdogo bila kuivuta. Kata pete za mm 3 hadi 4. Zitundike kwenye ndoano za kipimanguvu, mvuto wa g 2, dakika 60, ukibadilisha Krebs kila dakika 15 na kurekebisha mvuto unaposhuka.

Tia mL 0.2 za KCl ya molari 3. Mkazo huo ndio kipimo chako cha asilimia 100. Osha. Kisha fenilefrini (hukaza mshipa) µM 1, na mkazo ukitulia, asetilikolini (huulegeza kupitia utando wa ndani) µM 10. Pete ikilegea zaidi ya asilimia 70, utando wa ndani ni mzima. Utando mzima hutoa nitriki oksidi inayoupoza mkazo wa angiotensini, kwa hiyo amua mapema: uutoe kwa kusugua taratibu, au uuzuie kwa L-NAME (huzuia utengenezaji wa nitriki oksidi) µM 100 kwa dakika 30. Kuchanganya pete za aina mbili kwenye jedwali moja ni kosa lisilosahihishika baadaye.

Hatua ya 6: Dozi

Mkazo wa angiotensini II hupanda, hufika kileleni ndani ya dakika chache, kisha huanza kushuka wenyewe. Soma kilele, usisubiri utulie. Kipokezi AT1 huchoka haraka na kuingia ndani ya seli, kwa hiyo dozi za kulimbikiza (moja juu ya nyingine bila kuosha) kama za fenilefrini hukupa kilele cha uongo. Tumia pete moja kwa dozi moja, au osha na upumzishe dakika 45 hadi 60 kati ya dozi, huku pete nyingine ikipewa dozi ileile mara mbili kupima uchovu. Pete ya udhibiti ipewe losartani (kizuizi cha AT1) µM 1 dakika 30 kabla. Mkazo wa nM 100 unapaswa kupungua sana au kutoweka.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, natumia panya wadogo. KCl inakaza vizuri lakini angiotensini haifanyi kitu kabisa. Dawa imeharibika?*

Huenda ni nzima. Aota ya kifua ya panya mdogo huitikia angiotensini II kidogo sana. Chukua aota ya tumbo au ateri ya iliaki ya mnyama huyohuyo. Huko mkazo huonekana wazi. Ukikosa huko pia, ndipo uishuku chupa.

*Naomba hesabu ya pampu ya kuwekwa chini ya ngozi, panya wa g 25, ng 1,000 kwa kilo kwa dakika, siku 28.*

Kwa g 25 ni ng 25 kwa dakika, yaani mikrogramu 1.5 kwa saa. Pampu ya osmosi inayotoa mikrolita 0.25 kwa saa inahitaji mikrogramu 6 kwenye kila mikrolita, yaani mg 6 kwa mL. Mikrolita 200 za kuijaza ni mg 1.2 halisi, kwa unga wa asilimia 80 pima mg 1.5, na uongeze kidogo kwa kinachobaki kwenye sindano. Tumia kasi iliyoandikwa kwenye toleo la pampu zako, si ya kitabu. Pima uzito wa pampu kabla na baada ya kujaza: ikiongezeka chini ya g 0.19 hivi, kuna kiputo cha hewa. Iloweke kwenye salini ya nyuzi 37 kwa saa 40 hivi kabla ya upasuaji.

*Kwa nini pampu, ndugu? Sindano moja kwa siku haitoshi?*

Haitoshi. Kwenye damu angiotensini II haimalizi hata dakika moja kabla nusu yake haijakatwa. Vimeng'enya vya aminopeptidasi hutoa angiotensini III, na kimeng'enya ACE2 hutoa angiotensini 1-7. Sindano itapandisha shinikizo kwa dakika chache, basi.

*Hospitali yetu ina mgonjwa ambaye shinikizo limeshuka sana. Hii ya maabara inaweza kumsaidia?*

Hapana, kwa hali yoyote. Angiotensini II ya kudungwa kwenye mshipa ipo kama dawa. Marekani iliiidhinisha mwaka 2017 kwa watu wazima wenye mshtuko wa septiki. Hiyo hutengenezwa bila vijidudu, hupimwa sumu za bakteria na hutolewa chumba cha uangalizi maalumu kwa pampu, daktari akiwa kando ya kitanda. Chupa ya utafiti haijapitia lolote kati ya hayo.