Kabla ya Kutembelea Kiwanda cha Makonyo, Wawi

Kabla hujauliza kiingilio ni shilingi ngapi, uliza boila, mtambo wa kuchemshia maji yawe mvuke, itawashwa siku gani na siku hiyo kinapikwa nini. Kiwanda cha makonyo cha Wawi, nje kidogo ya mji wa Chake Chake kisiwani Pemba, ni cha Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, na kazi yake ni kutoa mafuta ya makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, na ya mimea mingine. Mgeni hukaribishwa, lakini hakipikwi kitu kwa ajili yake. Ukifika siku ambayo mitambo imelala utaoneshwa mabirika makubwa ya chuma, mabomba na mapipa, na mwenyeji atakueleza yote kwa mdomo na mikono. Ukifika siku ya kazi utasikia mvuke, utaona mafuta yakijitenga na maji mbele ya macho yako, na harufu itakaa nguoni hadi ufue. Tofauti ya siku hizo mbili ni simu moja, nayo ndiyo maandalizi makubwa kuliko yote.

Simu hiyo ipigwe ofisi ya shirika, au mwombe mwenye nyumba ya wageni unapofikia Chake Chake akuulizie. Pemba watu wanajuana, na jibu la kweli huja upesi kwa njia hiyo. Mkiwa kundi kubwa au wanafunzi wa skuli, pelekeni barua mapema yenye idadi ya watu na lengo la ziara, kwa sababu mtu wa kuwatembeza hutolewa kwenye kazi yake. Asubuhi ni bora kuliko mchana. Ofisi za serikali Zanzibar hufungwa alasiri, na Ijumaa kazi hukatika kwa ajili ya sala, hivyo anayefika Ijumaa saa sita atakuta watu wanajitayarisha kwenda msikitini. Mwezi wa Ramadhani nenda mapema zaidi: karibu na boila pana joto kali, na aliyefunga hawezi kurudisha maji aliyoyatoa jasho. Asiyefunga asile wala kunywa hadharani mchana.

Wengi hudhani lazima waje msimu wa karafuu. Si lazima. Makonyo, vile vikonyo vinavyobaki karafuu zikishachambuliwa, hukaushwa na kuhifadhiwa, na yakikauka vizuri yanaweza kusubiri kupikwa. Kiwanda pia husarifu mimea mingine kama majani ya mkarafuu, mdalasini, mchaichai na mkaratusi. Ndiyo maana swali la “kinapikwa nini” lina uzito, kwani kila mmea hutoa mafuta yenye tabia yake. Faida ya kuja msimuni, kuanzia katikati ya mwaka hadi mwisho wake, ni kuona mnyororo mzima: wachumaji juu ya mikarafuu, wanawake na watoto wakichambua jioni, majamvi ya karafuu yameanikwa kando ya barabara. Hasara yake ni kwamba watu wa shirika wameelemewa na ununuzi, na vyumba vya kulala hupungua. Ukipita penye majamvi, usikanyage wala usichote karafuu ili kunusa. Lile jamvi ni ada ya skuli ya mtoto wa mtu.

Njia ya kufika isikupotezee siku. Boti za kutoka Unguja hutia nanga Mkoani, na kutoka hapo hadi Chake Chake ni kiasi cha kilomita 30 kwa gari. Ratiba za boti za Pemba hubadilika, na si kila chombo huenda kila siku, kwa hiyo kata tiketi ya kurudi kabla hujapanga siku ya kiwanda. Wakati wa upepo wa kusi bahari kati ya visiwa viwili huchafuka. Anayeugua bahari ameze dawa kabla ya kupanda, si baada ya kuanza kutapika, na asipange kiwanda asubuhi ileile anayoshuka. Mtu aliyetoka kutapika akikutana na harufu nzito ya makonyo yanayochemka hatakaa humo dakika kumi. Kwa ndege mambo ni mepesi, maana uwanja wa Pemba uko upande huohuo wa Wawi, ila ndege ndogo hubana mizigo, mara nyingi kilo 15 kwa abiria. Kitambulisho au pasipoti iwe mkononi kwa njia zote mbili.

Mavazi yafikirie kabla ya kulala usiku ule. Viatu vifunike vidole na viwe na soli isiyoteleza, kwani sakafu huwa na maji, na penye maji huenda pana mafuta. Kandambili ziache nyumbani. Mwenye buibui au kanga aifunge isiburure wala kupepea karibu na bomba la mvuke. Bomba la aina hiyo halina rangi ya moto, na lisipofungwa kizuizi cha joto huunguza ngozi mara moja. Nguo iwe ya pamba na iwe ile usiyojali ikibaki na harufu. Chukua chupa ya maji, leso ya pua, na noti ndogo za kiingilio. Ulipe ofisini na uombe risiti. Kamera chukua, lakini omba ruhusa mara mbili: kwa mwenyeji kuhusu mitambo, na kwa mfanyakazi mwenyewe kuhusu sura yake.

Wapo wanaotakiwa kujipima kabla ya kwenda. Mwenye pumu asiende bila dawa yake ya kuvuta, na akianza kubanwa atoke nje kwenye hewa bila kuona haya. Mjamzito anayechefuliwa na harufu kali asubiri siku nyingine. Aliyewahi kuwashwa na manukato au dawa ya meno yenye karafuu asiguse kitu, kwa kuwa yujeno, kiini cha mafuta haya, inajulikana kuamsha mzio wa ngozi kwa baadhi ya watu. Watoto wadogo sana hawana faida yoyote mahali penye mvuke na vyuma vya moto.

Sasa kuhusu kile utakachokiona, maana asiyekijua mapema huona mabomba tu. Yujeno peke yake huchemka kwenye nyuzi 254 za selsiasi hivi. Kuichemsha moja kwa moja ni kuiunguza. Mvuke wa maji ukipitishwa katikati ya makonyo hubeba mafuta hayo pamoja nao kwenye joto lililo chini kidogo ya nyuzi 100, na huo ndio msingi wa kazi yote. Boila hutoa mvuke. Mvuke huingia chini ya birika lililojazwa makonyo. Hupanda, hutoka juu kwa bomba, hupita kwenye kipozeo kinachozungushiwa maji baridi, kisha hudondoka kama maji yaliyochanganyika na mafuta ndani ya chombo cha kutenganishia.

Hapo kwenye ujazaji wa birika ndipo kazi hufaulu au huharibika. Makonyo yakishindiliwa upande mmoja na kuachwa malegevu upande mwingine, mvuke hutafuta njia nyepesi, hupita kwenye uwazi huo na kuacha sehemu kubwa ya mzigo ikiwa na mafuta yake. Wapishi wazuri hutandaza kwa usawa na kukanyaga kwa kipimo. Kwa hiyo fika mapema uone birika likijazwa, uulize wanajuaje kwamba limejaa vyema. Kipozeo nacho hueleza mengi. Maji yake yakipata moto kupita kiasi, mvuke hautageuka wote kuwa maji, na harufu kali itatoka mdomoni mwa bomba la mwisho. Harufu hiyo ni mafuta yanayopotea hewani.

Chombo cha kutenganishia ndicho cha kukaa nacho muda mrefu zaidi. Mafuta tuliyoyazoea, ya nazi au ya alizeti, huelea juu ya maji. Ya makonyo huzama, kwa sababu uzito wake ni kiasi cha 1.05 ukilinganisha na 1 ya maji. Pipa la lita 200 likijazwa lina mafuta ya kilo 210 hivi. Kwa vile tofauti yenyewe ni ndogo, mafuta huchelewa kushuka, na maji hubaki meupe kama tui kwa sababu ya vitone vilivyosambaa. Ndiyo maana maji hupitishwa chombo kimoja baada ya kingine kabla ya kuachwa, na katika viwanda vingi vya aina hii hurudishwa birikani, maana yujeno kidogo huyeyuka ndani yake na ingetupwa bure. Siku ya mchaichai utaona kinyume: mafuta yake ni mepesi na hukaa juu, hivyo bomba la kuyachotea huwa upande wa juu. Ya mkaratusi pia huelea. Ya majani ya mdalasini huzama, kwa kuwa nayo yana yujeno nyingi. Mgeni anayejua haya atajibiwa kwa furaha tofauti na yule anayeuliza choo kiko wapi.

Usitegemee kuona mwanzo na mwisho kwa ziara moja. Makonyo hupikwa kwa saa nyingi, kuanzia 8 hadi 24 kutegemea mtambo, nguvu ya mvuke na jinsi yalivyosagwa au kuachwa mazima. Tenga saa moja na nusu, na ukiweza rudi mchana kuona chombo kilekile kina mafuta kiasi gani. Wanaokibana kiwanda kati ya ziara ya msitu wa Ngezi na boti ya jioni hutoka na picha mbili na harufu.

Hesabu ya mavuno pia ni vizuri kuwa nayo kichwani. Kwa kawaida kilo 100 za makonyo hutoa kilo 5 hadi 7 za mafuta, majani ya mkarafuu kilo 2 hadi 3, na karafuu zenyewe kilo 15 hadi 20. Karafuu zina mafuta mengi kuliko yote, lakini huuzwa kavu kwa bei ya juu kama kiungo, hivyo makonyo ambayo yangetupwa ndiyo hupata kazi ya birikani. Mafuta ya makonyo huwa na yujeno ya asilimia 90 hivi au zaidi. Hutumika kwenye dawa za meno, sabuni na manukato, na madaktari wa meno huchanganya yujeno na oksidi ya zinki kutengenezea kijazio cha muda.

Jambo moja lisikosewe: mafuta haya hayaonjwi. Wageni waliozoea viwanda vya vinywaji hutarajia kupewa kikombe mwishoni. Hapa utapewa kunusa, na kunusa ni kwa karatasi au kwa kifuniko, si kuingiza pua chupani. Kumeza mililita chache tu kumewahi kudhuru maini ya watoto. Yakikudondokea mkononi, maji matupu hayatoshi. Futa kwanza kwa kitambaa chenye mafuta ya kupikia, kisha osha kwa sabuni. Yakiingia jichoni, suuza kwa maji safi yanayotiririka dakika 15 na uende hospitali ya Chake Chake, hata kama maumivu yamepungua.

Ukitaka kununua, uliza mapema kama siku hiyo kuna chupa ndogo, kwa sababu biashara kubwa ya kiwanda ni mapipa. Nunua pale au kwenye duka la shirika. Anayeuza sokoni kwa bei ya kutupa huenda amechanganya, na kumjua si kazi: tia tone kwenye glasi ya maji, kisha lisukume kwa njiti ya kiberiti, maana tone dogo linaweza kushikiliwa juu na uso wa maji. Mafuta halisi ya makonyo yatashuka hadi chini. Yakiendelea kuelea, yamekutana na mafuta ya kupikia. Maji yakigeuka maziwa papo hapo, shuku spiriti. Karafuu kavu kwa magunia kutoka kwa mtu binafsi usiziguse kabisa, bei iwe nzuri vipi. Biashara hiyo inasimamiwa na shirika, na kuzivusha bila kibali ni magendo.

Chupa iwe ya kioo cha rangi ya kahawia, yenye kifuniko cha kuzungusha. Ile yenye kidude cha mpira cha kudondoshea haifai kuhifadhia, kwani mafuta hulainisha mpira huo hadi ukavimba. Plastiki nyepesi na boksi la povu huyeyuka. Ifunge kwa gazeti, uitie ndani ya mifuko miwili, uisimamishe wima katikati ya nguo usizozipenda sana, na uliulize shirika la ndege kabla, hasa ukibeba ya mkaratusi, ambayo hushika moto kwa urahisi zaidi kuliko ya karafuu. Ukifika nyumbani iweke mbali na mwanga, mbali na watoto na mbali na paka. Kwa kuchulia mwili, matone 10 kwenye mililita 100 za mafuta ya nazi yanatosha. Usiyamimine kwenye kopo la bati lenye kutu: yujeno ikigusana na chuma hubadilika rangi kuwa nyeusi, na hata ukiyahamisha baadaye, rangi ile haitoki.