Motohomu kubwa: anzia kwenye mizani

Motohomu (magari yenye nyumba ndani) kubwa za Marekani, zile zenye sura ya basi na urefu wa futi 30 hadi 45, hupendeza kwa friji na kochi. Wanaoanza huumizwa na vitu viwili: uzito na mkia.

Kabla ya kulipa, soma kibandiko cha uwezo wa kubeba mzigo, mara nyingi kipo karibu na mlango. Ndani ya kiasi hicho wanaingia watu, vyombo, nguo na maji. Galoni moja ya maji ina ratili 8.3, hivyo tangi la galoni 100 linakula ratili 830, kama kilo 380. Ukishapakia kila kitu, pita kwenye mizani ya malori na upate uzito wa kila ekseli (mhimili wa magurudumu) peke yake. Jumla inaweza kuwa sawa huku ekseli ya nyuma imezidiwa. Upepo wa tairi ufuate jedwali la mtengenezaji wa tairi kwa uzito huo, upimwe tairi zikiwa baridi. Angalia pia umri: tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT iliyo ubavuni mwa tairi, mfano 2319, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Gari hizi hukaa sana, kwa hiyo tairi huzeeka kabla ya kashata (meno ya tairi) kuisha. Ikifika miaka saba, badilisha hata ikiwa inang'aa.

Sasa mkia. Sehemu iliyo nyuma ya ekseli ya nyuma hufagia upande wa pili unapokata kona. Ikiwa ni futi 12, tegemea kama futi 4. Nenda kwenye uwanja mtupu wa maegesho, simamisha gari sambamba na mstari, kata usukani mpaka mwisho, songa polepole, mtu aweke alama pale kona ya nyuma ilipofika. Ndiyo maana pampu ya mafuta hugongwa wakati wa kuondoka. Na kwa kuwa unakaa mbele ya magurudumu ya mbele, kwenye kona pitiliza kwanza, kisha ukate, kama dereva wa basi.

Pima kimo mwenyewe hadi juu ya kiyoyozi, uandike karibu na usukani. Daraja la reli la Durham, North Carolina, lililokuwa maarufu kwa kuchuna mapaa ya malori, lilipandishwa mwaka 2019, lakini hadi futi 12 na inchi 4 tu. Motohomu nyingi haziponi hapo.

Leseni hutegemea jimbo: California hutaka leseni ya daraja B isiyo ya biashara gari likizidi futi 40.

Kambini, ukiunganisha bomba la majitaka, valvu ya tangi la choo ifungwe hadi lijae theluthi mbili. Ukiiacha wazi, maji hutoroka na kinyesi hubaki kuganda. Wakati wa kumwaga, fungulia tangi la choo kwanza, halafu la maji ya sinki ili yasafishe bomba.