Jinsi ya Kutafuta na Kurekebisha Hitilafu za Umeme katika Mashine ya Kuosha Vyombo

Mashine ya kuosha vyombo inapogoma, lawama za kwanza huiangukia bodi ya kudhibiti, ambayo ni miongoni mwa vipuri vya bei kubwa na mara nyingi haina kosa lolote. Kabla ya kununua chochote, kumbuka mashine iligoma wakati gani: ulipobonyeza tu kitufe cha kuwashia, ilipokuwa ikiingiza maji, dakika kadhaa baadaye ilipoanza kuyapasha moto, au mwishoni ilipotakiwa kuyatoa. Kwa kuwa kila hatua ya uoshaji ina kifaa chake, wakati wa kugoma ndio unaokuonyesha mahali pa kuanza kupima.

Chomoa plagi ukutani. Kuzima kwa kitufe hakutoshi, kwa sababu nyaya zinazofika kwenye bodi hubaki na umeme. Ikiwa mashine imeungwa moja kwa moja ukutani bila plagi, zima saketi breka yake, kisha uhakikishe kwa multimita, yaani kifaa cha mkononi cha kupimia umeme, kwamba umeme haupo kweli. Funga bomba la maji, subiri dakika chache ili kapasita, vipuri vinavyohifadhi umeme kwa muda, zipungukiwe na chaji, na utandike taulo sakafuni, maana maji kidogo hubaki ndani hata mashine ikionekana kavu. Vipimo vyote vinavyofuata hufanywa mashine ikiwa haina umeme, na kifaa kinachopimwa kikiwa kimechomolewa nyaya zake. Usipozichomoa, utasoma pia ukinzani (kiasi cha kuzuia umeme, kinachopimwa kwa omu) wa vifaa vingine vilivyoungwa pamoja nacho.

Mashine isiyowaka kabisa huanza kuchunguzwa nje yake. Chomeka kifaa kingine kwenye soketi hiyohiyo, pima fyuzi ya plagi kama ipo, kisha kagua kebo. Yote yakiwa sawa, nenda kwenye swichi ndogo iliyo ndani ya kitasa cha mlango: ikibonyezwa inapaswa kutoa mlio mdogo, na ukinzani wake ukaribie sifuri, ikiachwa, multimita isionyeshe njia yoyote ya umeme.

Sehemu ambayo mafundi wengi huiruka ni nyaya zinazopita bawabani kuelekea mlangoni. Kila mlango unapofunguliwa nyaya hizo hukunjwa, na baada ya miaka shaba hukatika ndani huku ganda la plastiki likibaki zima, hivyo macho hayaoni kitu. Weka multimita kwenye mlio, yaani hali inayolia umeme unapopata njia, gusisha ncha zake kwenye miisho miwili ya waya mmoja, kisha fungua na kufunga mlango polepole. Mlio ukikatika mlango ukiwa katikati, umempata mwizi. Mimi mwenyewe niliwahi kubadilisha bodi nzima kwa sababu ya waya mmoja wa aina hiyo, na bodi mpya ikagoma vilevile kama ile ya zamani. Waya uliokatika ubadilishwe kwa waya laini wa nyuzi nyingi wenye unene uleule. Kiungo cha kulehemu kikiachwa palepale kwenye kunjo kitakatika tena.

Ikiwa mashine inafanya kazi kwa dakika kadhaa kisha inaangusha swichi ya kinga ya umeme unaovuja, ambayo majumbani kwa kawaida hukata kwenye miliampea 30, mshukiwa wa kwanza ni hita. Hita ya wati 1,800 hadi 2,000 inayotumia volti 230 husoma takriban omu 26 hadi 29. Lakini kusoma vizuri hakuisafishi, kwa kuwa hita yenye ukinzani sahihi inaweza bado kuvujisha umeme kwenye kiwiliwili cha mashine. Pima kutoka kila ncha ya hita hadi kwenye chuma chake. Hapapaswi kuwa na usomaji wowote. Betri ndogo ya multimita huweza kushindwa kufichua uvujaji huo, kwa hiyo kipimo cha kuaminika ni kile cha insulesheni (uwezo wa kuzuia umeme usivuje) cha volti 500, baada ya kuitenganisha hita na bodi ili volti hizo zisiunguze bodi. Hita inayosoma chini ya megaomu 1 (omu milioni moja) kati ya ncha na chuma chake kwenye kipimo hicho haifai. Kagua pia kama sili ya pampu inadondosha maji juu ya mota. Usikate kamwe waya wa ethi, unaopeleka ardhini umeme unaovuja, ili mashine "isiangushe umeme"; ukifanya hivyo, atakayeangushwa ni mtu atakayeigusa.

Vyombo vikitoka baridi na hita ni nzima, tazama rilei, swichi ya kwenye bodi inayoipelekea umeme. Chini ya bodi, lehemu inayozunguka miguu ya rilei huweza kuwa na ufa mwembamba wa mviringo unaoonekana vizuri kwa lenzi. Nyonya lehemu ya zamani na uweke mpya. Kiungo cha waya kilichogeuka rangi ya kahawia kisibanwe tu kwa koleo: kata waya hadi ufikie shaba inayong'aa, ubane kiungo kipya kinachohimili joto.

Pampu ya kutoa maji isiyonyamaza hata kidogo kwa kawaida haijaharibika. Boya lililo kwenye trei ya chini limeinuliwa na maji yaliyovuja, likabonyeza swichi yake. Kausha trei na utafute panapovuja. Pampu inayonguruma bila kuzunguka ichunguzwe kwanza kama imekwama na kipande cha kioo, ndipo koili yake ipimwe. Kwenye mashine za zamani, mota ya kuoshea inayonguruma vivyo hivyo mara nyingi ina kapasita iliyochoka. Ipime, kisha ulinganishe na maikrofaradi (kipimo cha uwezo wake) zilizoandikwa juu yake.

Kabla ya kurudisha umeme, pima kutoka pini ya ethi ya plagi hadi kwenye chuma cha mashine. Usomaji uwe chini ya omu 1. Rudisha vifuniko vyote, fungua bomba, na uendeshe mzunguko mmoja wa maji moto bila vyombo, ukimulika chini kwa tochi kuona kama kuna tone.